Acheni Kununua 3018

Kila mwezi kuna mtu ananiuliza swali lilelile, na kila mara anayeuliza ameshajijibu. Anataka kufungua karakana ndogo nyumbani, ati anunue CNC gani? Kabla sijafungua mdomo, simu imeshageuzwa upande wangu: ni 3018, ile yenye fremu nyembamba ya aluminiamu na kamota kadogo kamebebwa juu, bei imekatwa, ofa inaisha leo usiku. Hajaja kuuliza. Amekuja kutafuta baraka. Baraka hiyo simpi, na nimechoka kueleza mmoja mmoja, kwa hivyo nitaisema mara moja hapa: acheni kununua hiyo mashine.

Kwa yule ambaye hajaiona, mashine ya CNC ya mbao ni ruta iliyopewa miguu na ramani. Mota inazungusha biti kali, biti inakula mbao, na kompyuta ndiyo inayoamua biti iende wapi: kulia, kushoto, mbele, nyuma, juu, chini. Maagizo yenyewe ni maandishi matupu, mistari ya herufi na namba inayoitwa G-code. G0 maana yake kimbia hewani bila kukata, G1 maana yake tembea huku unakata, kwa mwendo huu. Wazo si geni. Mwaka 1952 chuo cha MIT kule Marekani kilionyesha mashine ya kukata chuma iliyoongozwa kwa namba, kutokana na wazo la John T. Parsons na pesa za jeshi la anga. Siku hizo ubongo wa mashine ulikuwa mkubwa kuliko mashine yenyewe. Leo ubongo huo unatoshea kwenye Arduino unayoweza kuchukua Luthuli Avenue kabla ya lanchi. Programu inayouendesha ni GRBL, ambayo Simen Svale Skogsrud wa Norway aliianza mwaka 2009 na akaiachia dunia bure.

Elewa hapo vizuri, maana ndipo watu wanapoibiwa. Ubongo ni wa bure. Unacholipia ni mwili. Muuzaji anapokwambia 3018 yake inatumia "teknolojia ileile ya mashine kubwa," hadanganyi. GRBL iliyo ndani yake imeendesha pia mashine zinazouzwa mara kumi ya bei hiyo. Ni kama kumweka dereva wa matatu ya Rongai, yule anayejua kila shimo, kwenye baisikeli ya mtoto. Dereva ni yuleyule. Hamtafika Rongai.

Jina lenyewe linakueleza kila kitu ukisoma polepole. 30 na 18 ni sentimita: eneo la kufanyia kazi ni milimita 300 kwa 180. Karatasi ya A4 ni 297 kwa 210. Yaani hii mashine unayotaka kuanzia biashara ya fanicha haiwezi kuchora ukingo wa karatasi ya barua.

Lakini udogo si kosa lake kubwa. Kosa lake ni ulegevu. Mbao inapokatwa haikai kimya. Biti ikiuma mvule, mvule nao unasukuma. Kila kitu kilicho kati ya biti na meza kinapokea huo msukumo: mota, bamba linaloshika mota, daraja linalobeba bamba, vyuma ambavyo daraja linatelezea. Sasa kuna kanuni moja ya boriti ambayo kila mtu anayeshika pesa akielekea kununua CNC anafaa kuijua kama anavyojua namba yake ya siri. Ukiongeza urefu wa boriti mara mbili bila kuinenepesha, kwa nguvu ileile itapinda mara nane. Si mara mbili, mara nane. Na chuma cha kawaida, kile cha skwea tyubu za mageti yetu, ni kikakamavu karibu mara tatu kuliko aluminiamu yenye umbo hilohilo. Kwa hivyo unapoona tangazo la 3018 "iliyorefushwa," fremu ileile nyembamba lakini sasa ina nusu mita, usifurahie. Wamekuuzia ulegevu zaidi kwa pesa zaidi.

Ngoja nikuonyeshe ulegevu unavyokula siku yako, maana nikisema "mashine dhaifu" mtu anafikiri nazungumzia mapambo. Chukua kalamu. Biti ina meno mawili na mota inazunguka mara 10,000 kwa dakika, karibu na inavyozunguka ile ya 3018. Ukitaka kila jino ling'oe kipande chenye unene wa milimita 0.05, ambayo ni kazi ya kawaida tu kwenye mbao, biti inatakiwa kusonga 10,000 mara 2 mara 0.05, yaani milimita 1,000 kila dakika. Sasa jaribu mwendo huo na 3018 kwenye mbao ngumu. Itatetemeka, itaruka hatua, itakuandikia zigizagi mahali ulipochora mstari. Basi unapunguza hadi 300. Lakini mota bado inazunguka vilevile, kwa hivyo kila jino sasa linang'oa milimita 0.015, nyembamba kuliko unywele wako. Hapo biti haikati tena, inasugua. Inapata moto, inakuwa butu, mbao inanuka kuungua. Angalia kinachoanguka chini: mashine nzuri inatoa maranda, mashine legevu inatoa unga.

Na bado hatujafika kwenye saa. Tuseme una kibao cha plaiwudi cha milimita 12, herufi za jina la mkahawa, na njia yote ya kukata ina urefu wa mita 3. Kwa ile legevu unakata nusu milimita kila mzunguko, kwa hivyo ni mizunguko 24. Mita 72 kwa milimita 300 kwa dakika: saa nne. Mashine kakamavu yenye spindeli ya maana inashuka milimita 4 kila mzunguko, mizunguko mitatu, kwa milimita 1,800 kwa dakika. Dakika tano. Kibao kimoja. Kijana mmoja wa Umoja ninayemfahamu, mkono mzuri kabisa wa vibao, alikopa kwenye chama cha mamake akanunua ile ya saa nne. Alipata oda ya vibao thelathini. Fanya hesabu mwenyewe: saa 120 za mashine kupiga kelele kwenye chumba kimoja, na keateka anayepanda ngazi kila jioni kuuliza hiyo sauti ni ya nini. Alimaliza sita. Mkopo wa chama haukujali alimaliza ngapi.

Hapa ndipo huwa naambiwa, "Lakini si mtu anaanza na kidogo, anapanda polepole?" Hii falsafa ya kuanza na kidogo tunaipenda sana, na kwa mboga ni kweli: meza ya sukuma wiki inaweza kuwa kibanda, kibanda kikawa duka. 3018 haiwi kitu kingine. Reli zake hazihamii kwenye mashine kubwa, mota zake ni ndogo mno, kontrola yake haitoshi kuendesha mota kubwa, na spindeli yake hakuna atakayeitaka. Siku ya kupanda unaanza sufuri, ila sasa una deni. Hiyo si ngazi, ni kiti kilichowekwa karibu na ngazi.

Haki yake nitampa. Ukiwa mtu wa elektroniki, unachonga bodi za saketi, au unaandika majina kwenye vijiti vya funguo na vibao vya plastiki, 3018 ni fiti. Msukumo ni mdogo, kazi ni ndogo, karatasi ya A4 inatosha. Inunue, na makala haya hayakuhusu. Lakini wanaonijia hawataki bodi za saketi. Wanataka stuli, milango ya kabati, vibao vya makanisa, vitanda vya watoto. Wanataka mbao.

Kuna kundi la pili, wale wenye kazi ya ofisi na video nyingi za YouTube. Hawa wanajua 3018 ni kidoli. Wanataka Shapeoko au Onefinity, mashine wanazoziona kwenye gereji za Wamarekani, gereji zenyewe kubwa kuliko nyumba niliyolelewa. Sitazitukana, ni mashine zilizofikiriwa vizuri. Shapeoko ilianza kama mradi wa mtu mmoja, Edward Ford, aliyechangisha pesa kwenye Kickstarter mwaka 2011, na nusu ya tunachokijua kuhusu CNC ya nyumbani tumekipata kutoka kwa watu waliokuwa wakivunja na kuunda upya hiyo mashine. Shida ni kwamba zimetengenezewa ukuta wenye volti 120, na wako una 240. Ukiagiza na ruta ya Makita ya toleo la Marekani, ile RT0701C, ukaichomeka Kasarani, itakupa moshi. Ya volti zetu ni RT0700C, na ukiagiza bila kusoma herufi za mwisho utalia. Halafu forodha yetu inahesabu ushuru juu ya bei pamoja na bima pamoja na nauli, kisha VAT ya asilimia 16 inakuja juu ya hayo yote. Yaani unatozwa kodi kwa sababu meli ilisafiri mbali. Na siku bamba moja la plastiki likivunjika, mashine inalala wiki tatu ikingoja kifurushi. Gereji ya Mmarekani inaweza kungoja wiki tatu. Yeye anatengeneza ubao wa kukatia jibini. Wewe una mteja Ruaka ameshalipa depositi.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu, na najua utawakera wauzaji na wajuaji pamoja: mwili wa mashine yako utoke hapa. Kata skwea tyubu nene, upeleke kwa watu wa Kariobangi Light Industries, au popote kuna fundi mwenye mashine nzuri ya kutoboa, na uijenge. Michoro ipo bure. PrintNC ni mashine ya wazi inayojengwa kwa tyubu za chuma na vipande vinavyochapwa kwa printa ya 3D, na watu wameijenga nchi nyingi kwa chuma cha sokoni kwao. Ile MPCNC ya V1 Engineering, ya mabomba, ni rahisi zaidi na ni legevu zaidi, lakini bado kwa mbao laini inaifunika 3018. Unachoagiza nje ni vile tu ambavyo hatutengenezi: reli zilizonyooshwa, skrubu zenye vijipira vya chuma ndani, mota za stepa za ukubwa wa NEMA 23, kontrola, na spindeli na inveta yake. Vitu hivyo vinakaa kwenye kartoni chache. Fremu, ambayo ndiyo mzigo wote wa nauli, unainunua kwenye hadiwea ya mtaa.

Onyo moja, kwa sababu fundi wetu akiona tyubu mkono wake unakimbilia elektrodi: usimruhusu achomelee fremu. Joto la kuchomelea linavuta chuma. Tyubu iliyoingia ikiwa imenyooka inatoka imepinda milimita moja au mbili, na geti halijali milimita mbili lakini reli inajali hata sehemu ya kumi ya milimita. PrintNC inafungwa kwa bolti, na si kwa sababu wazungu hawajui kuchomelea. Toboa, funga, pima pembe kwa kupima mishazari yote miwili, legeza, sukuma, funga tena. Kazi ya kuchosha, wikendi mbili zimeenda. Lakini baada yake unaijua kila bolti kwa jina, na siku kitu kikilegea hutangoja kifurushi.

Ukubwa je? Watu wanabishana kwa inchi kana kwamba ni mpira. Mimi naanzia kwenye mbao, si kwenye mashine. Plaiwudi na MDF zinauzwa futi 8 kwa 4, milimita 2,440 kwa 1,220. Kwenye keja huwezi kuweka mashine ya shiti nzima, tusidanganyane. Lakini fundi wa hadiwea atakukatia shiti vipande vinne vya futi 4 kwa 2 kabla hujapakia kwenye boda. Kipande hicho kina upana wa milimita 610. Basi daraja lako lipitishe milimita 650 hivi upana, na mbele na nyuma ya meza kuwe wazi ili kipande kirefu kipenye, ukate nusu, usukume, ukate nusu nyingine. Mashine ya namna hiyo inakaa mahali pa kitanda kidogo na inafanya karibu kila kitu ambacho mteja wa Nairobi ataomba. Zile zenye upana wa sentimita 40 zinazosifiwa mitandaoni zinakuachia vipande vya mabaki ambavyo huwezi kutumia wala kutupa.

Sasa stima. Hakuna mwongozo wa kigeni utakaokwambia hili, kwa sababu anayeuandika anaona stima kama anavyoona hewa. Mota za stepa hazijui ziko wapi. Kontrola inahesabu hatua ilizotuma na kuamini kwamba zimefika. Stima ikipotea katikati ya kazi, hesabu yote inafutika, na ikirudi mashine inaamka kama mlevi kwenye nyumba ngeni. Dawa yake ni swichi za mwisho kwenye kila mhimili, ili mashine iende kona yake, iguse, ijue hapa ni nyumbani, kisha uendelee kutoka mstari ulipokatika. Swichi hizo ni za bei ndogo na 3018 nyingi huja bila. Mwingine mwerevu atasema atanunua UPS. Sawa, lakini afikirie: UPS ndogo itabeba kompyuta na kontrola, haitabeba spindeli ya kilowati 2.2. Kwa hivyo stima ikienda, spindeli inasimama na daraja linaendelea kutembea, likiburuta biti iliyosimama ndani ya mbao. Utasikia tu kah! Biti mbili. Ukiweka UPS, weka na njia ya kusimamisha mwendo spindeli ikizima. Na usichomeke spindeli hiyo na vakyum kwenye soketi moja. Soketi yetu ni ampea 13, mara volti 240 ni wati 3,120. Spindeli wati 2,200 na vakyum wati 1,400 zimeshapita. Keateka atakuja, na safari hii atakuwa na haki.

Lakini kama kuna jambo moja kwenye makala haya ningependa lisomwe mara mbili, ni vumbi. Hapo nakasirika kabisa. Sijawahi kuona tangazo moja la CNC ya nyumbani hapa kwetu likitaja mapafu. Shirika la utafiti wa saratani la WHO, IARC, liliweka vumbi la mbao kwenye kundi la kwanza mwaka 1995, kundi la vitu ambavyo vimethibitishwa kuleta saratani kwa binadamu: saratani ya pua na mashimo ya uso. Mwaka 2004 likaiweka formaldehaidi kwenye kundi hilohilo. Na MDF ni nini? Ni unga wa mbao ulioshikanishwa kwa gundi, na gundi ya kawaida ya MDF ina formaldehaidi. Sasa rudi kwenye hesabu yetu ya juu. Mashine legevu haitoi maranda yanayoanguka chini ukafagia. Inatoa unga mwembamba unaoelea hewani kwa masaa. Kisha unaiweka wapi? Kwenye bedsitter. Mita mbili kutoka kitandani, mita tatu kutoka jiko. Mtoto analala hapo.

Usiniambie habari ya kufunga leso puani. Leso ni ya kujipangusa. Unahitaji barakoa ya chembechembe yenye kiwango, unahitaji kisanduku kinachofunika mashine, na unahitaji vakyum inayopitisha hewa kwanza kwenye ndoo ya kimbunga, ile ndoo yenye koni inayozungusha hewa ili uchafu udondoke kabla haujaziba kichujio. Ndoo hiyo unaweza kuitengeneza mwenyewe. Na kama pesa haitoshi mashine pamoja na hivyo vitu, basi pesa haitoshi mashine. Ni heri ukodi kibanda cha mabati kando ya barabara, chenye upepo, kuliko kugeuza chumba cha kulala kuwa kiwanda kisicho na dirisha. Muuzaji anayekwambia "inafaa hata kwa nyumba ya kukodi" anafaa aje alale humo siku moja.

Programu nitaipitia haraka kwa sababu suala lake ni moja: bure ya kampuni ina mwenyewe. Mwaka 2020 Autodesk ilipunguza Fusion 360 ya matumizi binafsi. Ukawekewa kikomo cha faili kumi unazoweza kuhariri kwa wakati mmoja, na G0 niliyokueleza, ile ya kukimbia hewani, ikaondolewa, mashine ikawa inatembea hewani kwa mwendo wa kukata. Walikuwa na haki; ni mali yao. Lakini kuna watu waliokuwa wamejenga karakana nzima juu ya huo ukarimu. Jifunze FreeCAD, ambayo ilifika toleo la 1.0 Novemba 2024, na Inkscape kwa michoro ya bapa, na utume kazi kwa UGS. Zitakutesa mwezi mmoja, kisha ni zako. Na mashine yoyote ambayo haiwezi kukata bila bando, iache dukani.

Wazee wa patasi nao wana neno lao, kwamba CNC inaua uchongaji. Nawaheshimu, lakini hapana. Uchongaji wa Wakamba tunaouita wa jadi ulikuja nyumbani na Mutisya Munge wa Wamunyu, aliyejifunza Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Ujuzi husafiri, na chombo husafiri nao. Kilichokaribia kuua biashara hiyo si mashine. Ni kumalizika kwa mpingo na muhugu, hadi wachongaji wakahimizwa kugeukia mwarobaini. Ninachokubaliana nao ni hiki: mashine haijui nyuzi za mbao zinaelekea wapi. Mchongaji anageuza ubao, anausikiliza, anajua upande huu utachanika. GRBL inajua X na Y. Anayenunua CNC bila kuwahi kushika randa ataharibu mbao nyingi akidhani biti ndiyo mbaya. Kwa hiyo ukae na fundi wa kitanda kwanza, pale Gikomba au kando ya Ngong Road, umshikie ubao siku chache. Hatakudai ada.

Na kabla hujajenga wala kununua chochote, toa kazi kumi nje. Industrial Area kuna karakana zenye mashine za futi 8 kwa 4 zinazokatia watu. Unapeleka faili lako na shiti lako, unalipa, unarudi na vipande. Gearbox ilianzishwa kwa ajili ya watu kama wewe. Kazi kumi zitakufundisha kuchora faili lisilo na kosa, kuweka bei, kudai pesa kwa mteja anayejificha. Ukiona kazi ya kumi na moja inakuja na foleni ya karakana inakuchelewesha, hapo una sababu ya kuwa na mashine yako. Usipoziona kazi kumi, mashine haitazileta. Najua kuna wale wanaouza kozi za "CNC itakuingizia pesa ukiwa umelala." Mashine yenye biti inayozunguka mara elfu kumi na nane kwa dakika juu ya unga mkavu wa mbao, na mwenyewe amelala? Inaitwa moto.

Basi ukifika kwa muuzaji, usianze na bei. Muulize mashine ina kilo ngapi. Swali hilo pekee litakuonyesha mengi: kama unaweza kuipandisha ngazi kwa mkono mmoja, haitakata mvule. Muulize spindeli ni ya wati ngapi na volti ngapi. Muulize daraja limeshikwa na reli au na vigurudumu vya plastiki. Muulize swichi za mwisho ziko wapi, akuonyeshe kwa kidole. Kisha mtolee kipande chako mwenyewe cha mahogani kwenye begi, si kile chake laini cha maonyesho, na umwombe akate milimita 3 kwa mzunguko mmoja mbele yako, kabla ya M-Pesa.

Wengi watakwambia fundi wa kuionyesha ametoka kidogo.

Na kama baada ya haya yote bado unaitaka 3018, ile ya Umoja inauzwa. Ina kebo zake zote, biti kumi, saba hazijatolewa kwenye kijisanduku. Bei mtaelewana, mama anataka pesa za chama.